Ndege Asiyevuka Nyika

Kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Kusini mwa Kitui na Makueni, ng'ambo ya nyika ya Tsavo, vilima vya Taita hupanda hadi mita 2,208 pale Vuria. Katika vipande vya msitu wa ukungu vilivyosalia huko, kama Mbololo, Ngangao na Chawia, anaishi ndege aitwaye mkesha wa Taita, Turdus helleri, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Kichwa na kifua chake ni vyeusi, ubavu una rangi ya kutu, tumbo jeupe, mdomo wa rangi ya chungwa. Hurukaruka chini kivulini akipekua majani makavu kutafuta wadudu, na matunda pia hula. Nyika yenye jua kali kwake ni bahari, na hata shamba la mahindi lililopakana na msitu hulikwepa. Kiumbe huyu asiyetulisha wala kututibu, je, ana haki yoyote juu yetu?

Wengi hujibu kwamba tuuhifadhi msitu kwa sababu unatuletea maji. Ni kweli, lakini hoja hiyo haimfikishi ndege mbali. Vilima hivyohivyo vimepandwa misonobari na mikaratusi. Tunapata mbao na kuni, ila mkesha hapati makao humo. Faida yetu inaweza kutimia huku yeye akiangamia. Hapo ndipo naona Wakamba wa kale, wenyeji wa Kitui na Makueni, walisimama mahali imara zaidi. Penye ithembo, mahali pa kutolea sadaka chini ya mikuyu mikubwa, mti haukukatwa, si kwa kuwa una faida, bali kwa kuwa hapakuwa mali ya mtu. Utaniambia wazee walimcha Mungu na mizimu, hawakuwa wakiwawaza ndege. Sawa kabisa, na nguvu ya mwiko ule ilikuwa papo hapo: haukungoja mtu athibitishe thamani ya kila kiumbe kilichojificha mle. Nuhu naye hakuambiwa achague wanyama wenye manufaa.

Mkulima wa Tulia kule Kitui ambaye mvua imemnyima mavuno ana haki ya kuuliza kwa nini ndege atangulizwe mbele ya watoto wake. Swali hilo ni zito, nami silipuuzi. Lakini Ngangao ina takriban hekta 120 tu. Kuufyeka msitu huo hakutaondoa njaa ya Ukambani, ilhali kutamfungia ndege huyu mojawapo ya milango yake ya mwisho. Wengine husema viumbe wamekuwa wakitoweka tangu zamani. Binadamu pia wamekuwa wakifa tangu zamani, wala hilo halijawahi kumwondolea mwuaji hatia. Shamba lililochoka hurudishiwa rutuba, deni hulipwa, hata ugomvi wa damu una fidia yake. Mkesha wa Taita akiisha, hakuna mbegu yake iliyowekwa akiba penginepo, na hakuna mzee atakayepokea fidia kwa niaba yake.