Wazazi Wameachana, Ukoo Bado Ni Wako



Kijana mwenzangu, leo naongea na wewe ambaye baba na mama yako waliachana. Mpo wengi. Mpo kwenye kwaya, mpo VIWAWA, mpo TYCS, mnahudumu altareni, ila jambo hili halisemwi sana. Siku ya sherehe ya familia kila mtu anapiga picha na wazazi wake wawili, na wewe unajifanya una kazi ya kupanga viti.

Ulipokuwa mdogo waliamua wakubwa. Ulihamishwa, ukabadilishiwa shule, na upande mmoja wa ukoo ukapotea taratibu. Bibi mzaa baba hukumwona tena. Shangazi aliyekuwa anakusuka nywele akabaki jina tu. Au ni wajomba na mama wakubwa ndio uliowapoteza. Hakuna aliyekuuliza.

Sasa umekua. Una miaka 22, 25, labda 30. Una simu yako na nauli yako, na swali limerudi kwako: utaenda kuwaona, au ndiyo basi tena?

Tufungue Kitabu cha Tobiti, sura ya 7. Tobiti alikuwa mtu mwema aliyeishi uhamishoni Ninawi. Akapofuka, akafukarika. Yeye na mkewe Anna hawakuachana, ila nyumba ile ilijua maneno makali: sura ya 2 inasimulia ugomvi wao kuhusu mwanambuzi, mpaka unaona aibu kusoma. Mtoto wao, Tobia, alikulia humo. Baadaye baba akamtuma safari ya mbali kufuata fedha alizokuwa ameweka kwa mtu. Njiani, akiwa na Malaika Rafaeli asiyejua kuwa ni malaika, akafika Ekbatana nyumbani kwa Ragueli, ndugu wa baba yake.

Sasa sikia kilichotokea. Ragueli anamwangalia yule kijana, anamgeukia mkewe Edna, na kumwambia jinsi kijana huyu anavyofanana na ndugu yake Tobiti. Edna anauliza, mmetoka wapi? Mnamfahamu Tobiti? Hajambo? Tobia anajibu kwamba huyo ndiye baba yake. Mzee anaruka, anamkumbatia, analia. Anambariki kwa kuwa mtoto wa mtu mwema. Akisikia kwamba Tobiti amepofuka, analia tena, na Edna na binti yao Sara wanalia pia. Halafu wanachinja kondoo dume.

Rudi kidogo hapo aliposema: anafanana na baba yake.

Maneno hayo wewe unayajua, si ndiyo? Nyumbani uliyasikia mtu akiwa amekasirika. "Umekuwa kama baba yako!" "Hiyo jeuri ni ya kwenu, ya upande wa mama yako!" Ukaanza kuona pua yako, kicheko chako, hata mwendo wako ni kosa fulani. Watoto wengi wa wazazi walioachana wanakua wakificha nusu ya sura yao.

Lakini Ekbatana ipo. Ipo nyumba ambayo mtu akikuona mlangoni na kukutambua kwa sura ya baba yako, ataruka kwa furaha. Upande ule uliopotea kuna bibi ambaye sura yako kwake ni habari njema. Hilo huwezi kulipata kwenye simu wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ni lazima ufike.

Chukua mfano wa kijana wa Kichagga aliyelelewa Dar na mama yake. Kila Desemba stendi ya Magufuli pale Mbezi inajaa watu wanaokwenda Moshi, na wenzake wote wanamuuliza, "Wewe huendi nyumbani?" Anasema ana kazi. Ukweli ni kwamba kihamba cha babu kipo Kibosho, na kwa vile mama hakanyagi tena kule, naye aliacha kwenda akiwa darasa la tatu. Mwaka mmoja anaamua. Anafika, anapita katikati ya migomba, na kabla hajabisha hodi bibi ameshapiga vigelegele. Anaitwa kwa jina la utotoni ambalo mjini hakuna anayelijua. Anapewa mtori. Binamu anamwonyesha mti aliouanguka. Baba mdogo anatoa picha ya zamani: baba na mama yake wamekaa kwenye benchi, wanacheka, na yeye yupo katikati kafura mashavu kwa ndizi.

Picha hiyo ndiyo inayosumbua. Kijana anajiuliza: hawa walikuwa wanacheka kweli, au yote yalikuwa maigizo? Kama waliishia mahakamani, hiyo furaha ilikuwa nini?

Kijana mwenzangu, furaha ile ilikuwa kweli. Angalia Misa yetu. Kila Jumapili tunafanya ukumbusho wa karamu, na Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto, sura ya 11, anataja wazi kwamba ilikuwa usiku ule ule Bwana aliosalitiwa. Yuda alikuwa mezani. Kabla ya alfajiri marafiki walikuwa wametawanyika. Je, Kanisa lilisema tuifute karamu ile kwa kuwa iliishia vibaya? Hapana. Mkate uliomegwa ulikuwa mkate, upendo ulikuwa upendo, na mpaka leo tunaishi kwa huo. Kilichokuja baadaye kiliumiza sana, ila hakikugeuza zawadi kuwa uongo.

Ndivyo ilivyo kwa siku njema za utotoni mwako. Zilitoka kwa Mungu. Una haki ya kuzikumbuka bila kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Wengine mna mzigo mwingine. Mmesikia kwamba ndoa ya wazazi imetamkwa na mahakama ya Kanisa kuwa ni batili, mkadhani basi ninyi ni watoto wa haramu, hamna kwenu. Futa hilo kichwani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1137, inasema watoto waliozaliwa katika ndoa iliyo halali, au iliyoaminiwa kuwa halali, ni watoto halali. Hukumu ile inahusu kifungo kati ya mume na mke. Undugu wako na bibi yako hakuna hakimu anayeugusa.

Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, namba 245, aliwasihi wazazi waliotengana wasimfanye mtoto mateka, na akataka mtoto akue akisikia mama anamsema baba vizuri, na baba anamsema mama vizuri, hata kama hawako pamoja. Labda wewe hukuyapata hayo. Basi ukitembelea ukoo, unaweza kuanza kuyatenda wewe mwenyewe.

Utaendaje? Mambo machache.

Usiende kwa siri. Mweleze mzazi aliyekulea. Mama anaweza kuumia, akaona jasho lake la miaka 15 limesahauliwa. Mwambie, "Mama, wewe ndiye uliyenilea, na hilo halibadiliki. Naenda kumwona bibi wakati bado yupo." Mpe muda wa kunung'unika. Ukirudi, mletee ndizi, mpe salamu alizotumiwa, usimpe umbea.

Usiwe tarishi. Ukifika, huenda shangazi akaanza, "Mama yako alitufanyia hivi." Jibu kwa heshima: "Shangazi, nimekuja kuwaona ninyi. Hayo ya wakubwa naomba tuyaache kwa Mungu." Amri ya nne inakutaka uwaheshimu baba na mama, na haikuweka sharti la wao kuishi nyumba moja.

Uliza hadithi. Muulize babu siku uliyobatizwa ilikuwaje, nani alikuwa msimamizi, mlikula nini. Piga picha ya zile picha. Nenda makaburini, usali. Jumapili kaeni benchi moja kanisani, na kama una kidogo, toa nia ya Misa kwa marehemu wa ukoo.

Usitegemee makubwa mno. Pengine mlango utafunguliwa kwa baridi, pengine baba mwenyewe hatatokea. Bado hujapoteza safari. Na kama upande ule kulikuwa na kipigo au unyanyasaji, hulazimiki kujirudisha kwenye hatari. Kusamehe si kwenda kulala nyumba ya aliyekuumiza. Ongea kwanza na padre au mlezi unayemwamini, na kama kuna ndugu mwema, kutaneni mahali pengine.

Kama Desemba ni mbali, Kanisa limekupa tarehe nyingine. Tangu 2021, Jumapili ya nne ya Julai ni siku ya mababu, mabibi na wazee duniani, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, tarehe 26 Julai, babu na bibi wa Bwana wetu. Ila usingoje mno. Bibi hana Julai nyingi zilizobaki.

Kazi ya wiki hii: tafuta namba ya ndugu mmoja wa upande uliopotea. Piga. Sema tu, "Shikamoo, ni mimi, mtoto wa fulani." Kisha nyamaza, usikilize atakachosema.

Tusali. Ee Mungu wa baba zetu na mama zetu, wewe uliyemtuma Rafaeli kutembea na Tobia, tembea nasi tunaporudi kwa ndugu zetu. Waponye wazazi wetu mahali walipoumizana. Asante kwa kila siku njema uliyotupa tukiwa wadogo. Usiruhusu uchungu utuibie hizo. Na wale wanaotungoja mlangoni, watunze mpaka tufike. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Watakatifu Yoakimu na Ana, mtuombee.