Je, Kuomba Kupumzika ni Kushindwa?



Nimeombwa niandike neno la familia la juma hili, na baadhi yenu mtashangaa kwamba nimeanza na mchezo wa kriketi. Wengi wetu tumekulia kwenye mpira wa miguu. Ndugu zetu Wakenya wanakumbuka mwaka 2003, Steve Tikolo na wenzake walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, lakini mimi nilikotoka kriketi ilikuwa mchezo wa watu wa mjini tu. Nimeujua hapa Muscat, kwenye chumba cha chai kazini. Wauguzi wenzangu wengi wametoka Kerala, na wahudumu wengi wametoka Pakistan na Bangladesh. Ukikesha nao zamu za usiku miaka yote hii, utaujua tu hata kama hukupenda.

Swali langu si la mchezo. Ni hili: mtu ambaye wengine wanamtegemea, akisema "siwezi kuendelea, akili yangu imechoka", je, amefanya kosa?

Tarehe 30 Julai 2021 ilitangazwa kwamba Ben Stokes, mchezaji mkubwa wa Uingereza, anajitoa kwenye timu bila kusema atarudi lini. Sababu zilikuwa mbili: kutunza afya yake ya akili, na kupumzisha kidole cha mkono wa kushoto kilichokuwa hakijapona. Baba yake alikuwa amefariki Desemba 2020. Habari hiyo ilipofika chumba cha chai, mmoja wetu akasema, "Anapata mamilioni, anaumwa nini huyo?" Tukacheka. Nami nilicheka.

Baadaye ndipo nilipoona kitu ambacho muuguzi hakupaswa kukikosa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekicheka kidole. Hakuna aliyesema kidole kikaze moyo, au kidole kikumbuke mshahara. Tulicheka sehemu ya pili tu. Ni mtu mmoja, tangazo moja, siku moja, lakini maumivu moja tuliyapa heshima na mengine tukayadai ushahidi.

Waliomtangulia walijua dharau hiyo. Marcus Trescothick, naye wa Uingereza, aliondoka katikati ya ziara ya India mwanzoni mwa 2006. Alipoulizwa kwenye televisheni, alisema ni virusi. Haikuwa virusi. Ilikuwa sonona na wasiwasi mkali, lakini aliona ni afadhali aseme uongo kuliko aseme hilo mbele ya watu. Novemba mwaka huohuo aliondoka tena, safari hii Australia, na hakuichezea tena timu ya taifa. Mwaka 2008 aliandika kitabu akaeleza yote. Jonathan Trott aliondoka Australia Novemba 2013, baada ya mechi ya kwanza tu. Miezi michache baadaye alipoeleza kwamba alikuwa amechoka kupita kiasi, Michael Vaughan, nahodha wa zamani wa timu yake, aliandika gazetini kwamba anajiona kama amedanganywa. Angalieni mtego wenyewe: ukisema ni ugonjwa, unaitwa dhaifu, ukisema ni uchovu, unaitwa mwongo.

Kuna jambo katika habari ya Trescothick linalonigusa zaidi. Ugonjwa wake ulimshika zaidi akiwa ugenini. Nyumbani kwao, katika timu ya Somerset, aliendelea kucheza mpaka 2019, akiwa na zaidi ya miaka 40. Mkono ulikuwa uleule na macho yaleyale. Kilichomvunja ni miezi ya hoteli, mbali na mke na mtoto, huku watu wengi wakimtazama kama tegemeo lao. Wapendwa, nani kati yetu hayajui maisha hayo? Mkataba wa miaka 2, chumba cha watu 4, simu ya nyumbani kila mwisho wa mwezi, na picha ya mtoto aliyeanza kutembea wewe hupo.

Sasa niseme jambo langu. Mwenyewe ameniruhusu, ila jina nisitaje.

Alikuwepo kijana katika kwaya yetu, wa miaka 26. Siku moja baada ya ibada alinisubiri pale nje akaniambia, "Mama, naomba ushauri. Silali. Nikifika kazini mikono inatetemeka. Naona siwezi kuendelea." Nilikuwa na haraka, nilikuwa naingia zamu ya jioni. Nikamwambia, "Kaza moyo, baba. Wangapi nyumbani wanaitamani nafasi yako? Omba sana." Akasema, "Asante, Mama," kwa adabu, akaenda zake. Kwenye gari niliona nimetoa ushauri mzuri.

Wiki 3 baadaye mwenzake wa chumbani alinipigia usiku. Alisema kijana hali, haamki kitandani, na ameanza kugawa vitu vyake na kusema maneno ya kuaga. Tulimpeleka hospitali usiku uleule. Mungu alitusaidia, yuko hai. Lakini mimi nina shahada ya uuguzi. Angekuja na homa ya siku 10 ningemshika paji la uso palepale. Amekuja na usingizi uliopotea na mikono inayotetemeka, nikampa maneno ya mtazamaji wa uwanjani.

Tangu siku hiyo nimezipima hoja zetu moja moja, kwa sababu si zote ni za kijinga.

Ya kwanza ni fedha: analipwa vizuri, avumilie. Hoja hii haisimami. Mshahara ni malipo ya kazi, si chanjo. Hatumwambii tajiri mwenye kisukari kwamba sukari yake itashushwa na akaunti ya benki.

Ya pili: wengine wanavumilia, kwa nini yeye asiweze? Ni kweli wengine wanavumilia. Wodini naona watu wawili wenye jeraha linalofanana, mmoja anapona kwa siku 5, mwingine anapata maambukizi mpaka anakaribia kufa. Hatumhukumu wa pili kwa sababu ya wa kwanza. Tena hatujui wanaovumilia wanavumilia nini. Virat Kohli wa India, ambaye uwanjani alionekana kama simba, alisema mwaka 2022 kwamba alikuwa akilazimisha ule ukali wake huku ndani amechoka. Watu mamilioni walimtazama, hawakuona.

Ya tatu: kuna wanaojifanya. Wapo. Wapo pia wanaojifanya wanaumwa mgongo ili wapate mapumziko, na sisi wauguzi tunawajua. Hatujawahi kwa sababu yao kufunga mlango kwa kila mwenye mgongo. Mtu akinidanganya nikampa huruma, nimepoteza saa moja. Mtu akisema kweli nami nisimwamini, naweza kumpoteza mtu.

Ya nne ndiyo nzito: wajibu. Mchezaji akiondoka, timu inabaki pungufu. Kijana wetu alipoacha kazi, mdogo wake alikaa nyumbani muhula mzima bila ada, na mama yake alikopa. Mzigo ule haukutoweka kwa sababu yeye aliumwa. Anayesema kwamba kupumzika hakumgharimu mtu hajawahi kutuma fedha nyumbani. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba wajibu ni neno tupu. Ninachouliza ni kama wajibu ule ulikuwa wa mtu mmoja peke yake.

Someni Hesabu sura ya 11. Musa amechoka na watu. Anamwambia Mungu kwamba mzigo huu umemzidi, na kama ndivyo mambo yatakavyokuwa, ni afadhali auawe. Haya ni maneno ya kiongozi mkuu, aliyesimama mbele ya Farao. Angeyasema leo kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, angetumiwa mistari ya Biblia 20 kabla ya chakula cha mchana, na mtu mmoja angeuliza kama ana dhambi iliyofichika. Mungu hakumjibu hivyo. Alimwambia akusanye wazee 70, wabebe mzigo pamoja naye. Kazi haikufutwa wala Musa hakuitwa mwenye imani haba. Mzigo uligawanywa.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu, na langu. Mdogo wake kijana alikosa ada kwa sababu kaka yake aliumwa, ndiyo. Lakini pia alikosa kwa sababu sisi, familia zaidi ya 40, hatukujua kwamba ada ipo juu ya bega moja linalotetemeka, wala hatukuuliza. Tulichanga tiketi ya ndege baadaye, kwa haraka na kwa upendo. Ada ya muhula ilikuwa ndogo kuliko tiketi.

Kuna swali moja zaidi, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Stokes alirudi uwanjani Desemba 2021. Mwaka 2022 akafanywa nahodha wa timu ya Test, na Novemba mwaka huo ndiye aliyewafikisha Uingereza kwenye ushindi wa fainali ya Kombe la Dunia la T20 dhidi ya Pakistan. Mwenzetu yule wa chumba cha chai alisema, "Basi, ile likizo ilikuwa na faida." Ni rahisi kumsamehe mtu aliyerudi na kombe. Lakini Graham Thorpe, aliyeichezea Uingereza mechi 100 za Test, alifariki tarehe 4 Agosti 2024, siku 3 baada ya kutimiza miaka 55. Mke wake na binti zake walieleza wazi kwamba aliugua sonona na wasiwasi kwa muda mrefu, na kwamba alijiua. Walisema ili wengine wasione aibu. Agosti 2025, siku ambayo ingekuwa kuzaliwa kwake, uwanja wa The Oval mjini London ulijaa watu waliovaa kitambaa kichwani kama alivyozoea kuvaa yeye. Ninaona ni jambo jema. Ila huruma inayosubiri kombe au kaburi imechelewa. Inatakiwa ile ya katikati, wakati mtu bado anaumwa, hana ushindi wa kutuonyesha, na pengine hatakuwa nao kamwe.

Hata sheria zetu zilichelewa. Kenya, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, mtu aliyejaribu kujiua akaokolewa aliweza kufungwa mpaka miaka 2. Na sisi kwa ndimi zetu tumekuwa mahakama. Tanzania tunataniana kwa jina la Mirembe, Kenya kwa jina la Mathari, kana kwamba hospitali ni tusi.

Hapa Oman, uwanja wa kriketi uko Al Amerat. Kombe la Dunia la T20 lilifunguliwa pale tarehe 17 Oktoba 2021, Oman wakaifunga Papua New Guinea bila kupoteza hata wiketi moja, na ndilo kombe ambalo Stokes hakucheza. Katika wilaya hiyohiyo ya Al Amerat iko Hospitali ya Al Masarra, hospitali ya magonjwa ya akili. Masarra kwa Kiarabu ni furaha. Njia ya uwanjani tunaipita tukipiga honi na kupeperusha bendera. Njia ya hospitali tunaipita vioo vimefungwa, tukiomba tusionwe na mtu wa kanisani.

Kwa hiyo naomba tujifunze mambo machache. Mtu akikosa usingizi, hamu ya kula na furaha ya vitu alivyovipenda kwa wiki 2 au zaidi, hiyo si tabia, ni dalili. Akitoa vitu vyake au akiaga, usimwache peke yake, na usingoje asubuhi. Usiogope kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi kunampunguzia upweke. Maombi na dawa havigombani. Mimi huomba kabla ya zamu, kisha nagawa dawa.

Kijana wetu hakurudi Muscat. Yuko kijijini kwao, analima vitunguu na mjomba wake, na bado anameza dawa. Wapo wanaosema ameshindwa maisha, na maneno hayo yamemfikia. Nilimpigia simu kabla ya kuandika haya, nikamwomba msamaha kwa mara ya pili. Akasema, "Mama, yameshapita. Ila ukiandika, waambie siku ile sikutaka ushauri. Nilitaka ukae kidogo."

Baada ya ibada mimi na dada wawili wa kamati ya ustawi tutakaa kwenye kile chumba kidogo cha watoto. Hatutaandika majina. Nimebadilisha zamu, sina haraka.