Wota Pampu ya Premio

Kosa lilianzia gereji, si dukani. Fundi alifungua boneti ya Premio yangu, akanionyesha maji ya rejeta yanavyodondoka kando ya mkanda, akasema, "Mzee, wota pampu imekufa. Wahi Kariakoo kabla hawajafunga." Nikawahi. Pampu mbovu niliiacha bado imefungwa kwenye injini, na kadi ya gari iko nyumbani kwenye droo.

Duka nililoingia, pande za Gerezani, lilikuwa limejaa spea hadi kizingitini. Kijana wa kaunta alikuwa na simu sikioni. "Bosi, nikupe nini?" Nikamwambia wota pampu ya Premio. Hakuuliza ya mwaka gani wala injini gani. "Kuna Japani, kuna Taiwani, kuna China." Nikachukua Japani kwa 95,000, najiona mjanja. Nilipoomba risiti akanitazama kama nimemwomba mkopo. "Ya mashine? Ongeza asilimia 18." Kana kwamba kodi ni kachumbari, anayeitaka ndiye anayeongezewa. Nami kwa ubahili wangu nikakubali karatasi ya mkono, chini imegongwa muhuri: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

Gereji, mwanafunzi wa fundi alikuwa na haraka kuliko mimi. Akapaka silikoni ukingo wote wa pampu mpya, ndipo akaijaribisha. Matundu ya bolti hayakukutana hata mawili.

Nikarudi dukani asubuhi. Safari hii simu iko mezani.

"Haiingii, kaka."

"Sasa hii si imeshapakwa silikoni? Nitamuuzia nani?"

"Lakini siyo yenyewe."

"Si ulisema Premio? Hiyo ni ya Premio."

Na kweli ilikuwa ya Premio. Umbo lile lililotoka 2001 hadi 2007 lina injini tofauti ndani ya bodi ileile: NZT240 hubeba 1NZ-FE ya lita 1.5, ZZT240 hubeba 1ZZ-FE ya 1.8, na AZT240 hubeba 1AZ-FSE ya 2.0. Taa zilezile, milango ileile. Mimi ni wa 1.5, nilibebeshwa ya 1.8.

Nilianza kutaja sheria, maana hasira humfanya kila mtu wakili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji haja yake na kutegemea ujuzi wake: apewe kitu kinachofaa haja hiyo. Ila haja yangu nilikuwa nimeielezaje? Kwa neno moja. Na ushahidi wangu ulikuwa karatasi isiyo na jina la duka. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamhudumia mteja mwingine. Sikupata hata samahani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko zile 95,000.

Duka la tatu kutoka pale alikuwepo mzee wa kofia ya kiua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha kabla sijamaliza kueleza akanyoosha mkono. "Sampo iko wapi? Na kadi?" Nikapanda daladala kuvifuata. Niliporudi alisoma namba ya chasisi kwenye kadi, akapanda ngazi, akashuka na boksi. Aliilaza pampu mpya juu ya ile kuukuu, uso kwa uso, akapitisha bolti kwenye kila tundu, moja moja, huku wateja wawili wakisonya nyuma yangu. Kisha akawasha mashine ya EFD bila kuulizwa.

Ile ya kwanza bado ninayo, juu ya kabati, silikoni imekaukia ukingoni. Mwenye Premio ya 1.8 anakaribishwa kuichukua, mradi aje na sampo.