Bingwa wa Gitaa, Akipimwa Kutoka Ufipa

Swali la nani mpiga gitaa bora kuliko wote ni miongoni mwa maswali ambayo watu huyauliza wakijua fika kwamba hayana hakimu, na ambayo, pengine kwa sababu hiyohiyo, hayachoshi. Jarida la Marekani la Rolling Stone lilijaribu kulifunga kwa orodha ya wapiga gitaa mia moja mwaka 2003, likaandaa orodha nyingine mwaka 2011, na mara zote mbili likamweka kileleni Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970 akiwa na umri wa miaka 27. Ubishi ukaendelea kana kwamba hakuna orodha iliyotolewa. Nchini Tanzania, ambako Hendrix hajawahi kuwa na kura nyingi, jina linalotangulia mara nyingi ni la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro. Hata hivyo, swali likiulizwa Sumbawanga, mji ulio juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, lazima orodha ya wagombea ipanuliwe, na sababu zake ni za kijiografia kabla hazijawa za kimuziki.

Ufipa ni nchi ya juu, yenye baridi na upepo, iliyobanwa kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, ikipakana na Zambia kusini. Kwa mstari ulionyooka, Lubumbashi iko karibu zaidi na Sumbawanga kuliko Dar es Salaam ilivyo, na Kasama ya Zambia iko karibu zaidi kuliko zote mbili. Vijana wa uwanda huo na wa nchi jirani ya Wamambwe walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba ya kusini, huku meli ya Liemba, iliyoanza upya safari zake katika Ziwa Tanganyika mwaka 1927, ikitia nanga Kasanga na Kipili ikiwa njiani kati ya Kigoma na Mpulungu. Redio nayo haikuhitaji barabara wala bandari. Mwaka 1949 kituo cha Lusaka kilianza kueneza redio ya betri ya bei nafuu iliyokuwa na umbo la sufuria, na ikaitwa hivyo hivyo, sufuria. Kituoni hapo ndipo alipofanya kazi Alick Nkhata, mzaliwa wa Kasama, askari wa zamani wa vita vya Burma, mwimbaji na mpiga gitaa ambaye jina lake halimo kabisa katika ubishi wa Kariakoo, Dar es Salaam, ingawa msikilizaji wa Ufipa ana kila haki ya kulileta mezani.

Jambo jingine linaloitofautisha Ufipa ni namna yenyewe ya kubishana. Mwanaanthropolojia Roy Willis, yaani mtaalamu wa elimu ya jamii na tamaduni za watu, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya Wafipa mwaka 1981, aliwaeleza kuwa watu waliojijengea tangu karne ya 19 jamii ya amani, inayothamini kazi, biashara na mazungumzo yenye adabu. Mtaalamu anayeipenda jamii aliyoichunguza huweza kuipamba kidogo, na pengine Willis alifanya hivyo. Hata hivyo, maelezo yake yana faida hapa, kwa kuwa yanamkumbusha msomaji kwamba ubishi unaweza kuwa namna ya kukaa pamoja, ambapo anayeshindwa hapotezi kitu na anayeshinda hulazimika kesho kuanza upya.

Sasa, hoja ya msingi. Ubishi wa nani bingwa wa gitaa, kama unavyoendeshwa karibu kila mahali, kwa kweli huwa ni ubishi wa nani bingwa wa solo, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa. Katika muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi za mijini uliokua Tanganyika tangu miaka ya 1930, wakati Dar es Salaam Jazz Band ilipoanzishwa, bendi iliyokamilika huwa na magitaa matatu au manne yenye kazi tofauti. Gitaa la solo hupiga sauti za juu, hujibizana na mwimbaji na hutawala sehemu ya mwisho ya wimbo, ile ya kucheza, ambayo wengi huiita sebene kwa kufuata Wakongo. Gitaa la rithimu hushika mapigo na kurudia mpangilio uleule wa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Kati ya hayo mawili husimama solo la pili, linalojaza nafasi kwa vipande vifupi vinavyozunguka, na chini yake kuna besi, gitaa la nyuzi nene linaloamua miguu ya wachezaji itue wapi. Msikilizaji aliye mbali, mwenye redio ndogo, husikia solo kwanza, kwa sababu spika ndogo hupeleka vizuri sauti za juu na kuzimeza zile za chini. Kwa hiyo sehemu ya sifa ya mabingwa wa zama zile ilitokana na maumbile ya chombo kilichowafikisha kwa watu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Kongo. Nico Kasanda, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 1985, alipewa na mashabiki cheo cha Dokta kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikiteleza juu ya nyuzi, na hadi leo wapo wanaomweka juu ya Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956. Ni wachache kati yao wanaomtaja Charles Mwamba, aliyejulikana kwa jina la Dechaud, kaka yake Nico, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga rithimu nyuma yake katika African Jazz na baadaye African Fiesta. Ndugu hao wawili walikuwa Brussels mwaka 1960, bendi yao iliporekodi wimbo maarufu wa uhuru wa Kongo wakati wanasiasa wakiendelea na mazungumzo ya meza ya duara, na kila anayeusikiliza wimbo huo humsikia Nico akiwa amesimama juu ya sakafu iliyotandikwa na Dechaud. Mkulima wa Ufipa angelielewa jambo hili bila maelezo marefu: katika kilimo cha ntumba, ambacho ni kilimo cha matuta ya mviringo cha uwanda huo, nyasi hufunikwa kwa udongo zioze ndani ya tuta, na mavuno yakija husifiwa mahindi na maharage, wala hakuna anayezikumbuka nyasi.

Mbaraka Mwinshehe mwenyewe hana haja ya kupunguziwa sifa. Alizaliwa mwaka 1944, akawa nguzo ya Morogoro Jazz, akaenda na bendi hiyo Japani katika maonyesho ya kimataifa ya Osaka mwaka 1970, kisha akaanzisha Super Volcano, na alipofariki katika ajali ya gari Kenya mwezi Januari mwaka 1979 alikuwa amekwisha kuitwa Soloist National, cheo ambacho hakikutolewa na serikali bali na masikio ya watu. Lakini ni vigumu kumtenga mtu huyo na mfumo uliomlea. Bendi nyingi za enzi hizo zilikuwa mali ya taasisi: Nuta Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, nyingine zilikuwa za vijana wa chama tawala, za polisi, za jeshi, na Mlimani Park ya mwaka 1978 ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Mwanamuziki wa bendi ya namna hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na kwa kawaida gitaa alilolipiga halikuwa lake, hivyo alipohamia bendi nyingine aliliacha kwa atakayerithi nafasi yake. Michael Enoch, aliyeitwa Ticha kwa sababu alifundisha wengi, alisifika kwa gitaa akiwa Dar es Salaam Jazz, na baadaye Mlimani Park watu wakamwona akipuliza saksafoni. Mtu wa kiwango hicho aliweza kuliweka chini gitaa kwa sababu bendi ilihitaji kitu kingine, na yeyote anayepanga orodha ya mabingwa hana safu ya kumwandikia tendo kama hilo.

Mlango mkuu wa muziki huo ulikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi isiyofika pale iliishi katika kumbukumbu ya mji wake tu. Wapiga gitaa wa vijijini, waliojitengenezea magitaa ya madebe na kuyafunga nyaya za breki za baiskeli, wakapiga kwenye vilabu vya pombe ya ulezi, hawakuwahi kuwa wagombea wa chochote. Haifuati kwamba miongoni mwao alikuwamo Hendrix aliyepotea, na wanaopenda kusema hivyo kwa kawaida huwa hawajamsikiliza vizuri Hendrix.

Hapa inafaa kugusia imani moja iliyoenea duniani kote, kwamba ufundi uliopita kiasi hauna budi kuwa umetoka kwa nguvu za giza. Marekani husimuliwa habari za Robert Johnson, mpiga gitaa wa Mississippi aliyefariki mwaka 1938 akiwa na miaka 27, kwamba aliiuza roho yake kwa shetani njia panda. Wenyeji wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi wamevumilia utani wa Watanzania wenzao juu ya uchawi, wana sababu ya kipekee ya kuichoka hadithi ya namna hiyo, kwani kumpa shetani sifa ni njia ya haraka ya kutohesabu saa ambazo mtu alikaa peke yake na nyuzi sita.

Mtu aliyekaa hivyo, na ambaye Ufipa ina sababu ya kumdai kwa kiasi fulani, ni Mwenda Jean Bosco. Alizaliwa Bunkeya, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1925, katika mji wa Wayeke, watu ambao mtawala wao Msiri alitoka Unyamwezi karne ya 19, wakati misafara kadhaa ya kwenda Katanga ilipokuwa ikipita Ufipa na kuizunguka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akamrekodi, na wimbo uliotokana na kikao hicho, Masanga, ukasikika mbali. Bosco alitumia vidole viwili, gumba na cha shahada: gumba likishika besi na mapigo, cha shahada kikitembea na sauti ya juu, huku yeye mwenyewe akiimba, mara nyingi kwa Kiswahili cha Katanga. Solo, rithimu na besi, kazi ambazo bendi huzigawa kwa watu watatu, zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja asiye na spika ya umeme. Kwa kipimo hiki cha nani anabaki na muziki kamili wenzake wakiondolewa, makala haya yanampa Bosco kura, na yanaona kwamba wengine wote, Nico na Mbaraka wakiwamo, wamesimama kwa mkopo.

Shabiki wa Morogoro Jazz ana jibu, nalo ni zito. Atasema kwamba kipimo hicho chenyewe kinapendelea mtu aliye peke yake. Kwamba Bosco katika rekodi ile hakulazimika kumsubiri mpiga ngoma aliyechelewa, wala kumwachia nafasi mpuliza tarumbeta, wala kuufanya ukumbi mzima ucheze hadi alfajiri ilhali mwimbaji amekaukiwa sauti. Na kwamba kumkopa Dechaud vizuri, usiku baada ya usiku, bila kumfunika, ni ufundi ambao mtu wa vidole viwili hakuwahi kuulizwa kama anao. Jibu hilo halibatilishi kura iliyokwisha kutolewa, lakini linaonyesha kwamba kura hiyo ilipimwa kwa uhodari wa kujitosheleza, sifa ambayo jamii ya mazungumzo kama ile aliyoieleza Willis haikuwa na desturi ya kuiweka mbele ya nyingine, na mpenzi wa Bosco aliyeko Sumbawanga atalazimika kueleza kwa nini katika gitaa peke yake ameamua kuitanguliza.