Kukubali kwa Shingo Upande

Maandiko: Kutoka 8:25–32, 9:27–35, 1 Samweli 15:24–30, Luka 15:11–24



Kuna kitenzi cha Kiingereza ambacho Wakenya tumekizoea hata mitaani: "concede". Uchaguzi ukiisha tunaulizana, "Huyu ata-concede ama ataenda kortini?" Kwenye mpira nako tunaambiwa timu ime-concede bao. Kwa Kiswahili tunasema kukubali, lakini mtu anaweza kukubali kwa furaha, kama binti anayekubali kuolewa. Huku kwingine ni kukubali kwa shingo upande. Hutaki, lakini mpira uko wavuni, utado? Na mzizi wa neno hilo, kwa Kilatini, ni kuondoka, kumpisha mwingine. Kwa hivyo si maneno ya mdomo tu. Kuna kiti unachokiachia.

Sasa swali ni hili: kukubali kwa namna hiyo kuna thamani yoyote mbele za Mungu? Wengine watasema hakuna, kwamba Mungu anataka moyo na toba ya kulazimishwa ni unafiki. Mimi nasema tusiharakishe.

Disemba 2002, Uhuru Kenyatta alitoka hadharani akakubali kwamba Mwai Kibaki amemshinda. Sidhani kuna anayeshindwa uchaguzi akafurahi, lakini nchi ilipumua. Miaka mitano baadaye matokeo yakazozaniwa, na watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha. Mwaka wa 2013, Raila Odinga alisema hakubaliani na yote yaliyoamuliwa na Mahakama ya Juu, lakini akaheshimu uamuzi huo. Moyo ulikataa, miguu ikapisha. Tusidharau hilo. Kuna watu wako hai kwa sababu mtu fulani alikubali bila kupenda.

Lakini Biblia inatuonyesha hatari yake. Farao alipozidi kupigwa aliachilia kidogo kidogo. Kwanza alisema watoe dhabihu, lakini papo hapo Misri. Kisha waende, lakini wasifike mbali. Kisha waende wanaume peke yao. Mwisho waende wote, lakini mifugo ibaki. Wenye biashara mnamwelewa: alikuwa anapatana bei na Mungu. Hata alifika mahali pa kusema kwamba ametenda dhambi na Bwana ndiye mwenye haki. Maneno mazuri kabisa! Mvua ya mawe ilipokatika, akarudi palepale.

Sauli naye alimwambia Samweli kwamba amekosa, halafu akamwomba amheshimu mbele ya wazee. Dhambi aliikubali, lakini jina hakutaka kuliachia.

Wapendwa, huyu Sauli tunaishi naye. Mke amepata mesej kwenye simu, ada ya shule ya watoto imeisha kwa kubeti. Mume anajibu, "Sawa, nimekosa. Basi?" Hiyo "basi" ndiyo shida. Amekubali ili mazungumzo yaishe, si ili kubeti kuishe.

Katika mahesabu, kukubali deni ni hatua kubwa. Sasa limeandikwa kitabuni, hakuna kujificha. Lakini deni lililoandikwa bado halijalipwa. Zakayo alielewa hivyo. Hakusema amekosa akaketi. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne.

Mtaniuliza, basi mwana mpotevu je? Naye alisukumwa. Luka anatuambia wazi kwamba alikumbuka nyumbani akiwa na njaa. Na baba hakumhoji kama amerudishwa na upendo ama na tumbo. Alimkimbilia. Kwa hivyo Mungu hamkatai mtu kwa sababu shida ndiyo iliyomleta. Tofauti ya yule kijana na Farao haiko kwenye msukumo, maana wote wawili walibanwa. Kijana aliinuka akaenda, akiwa tayari kuacha haki ya kuitwa mwana. Farao alitaka afueni bila kuachilia watu.

Ndiyo maana naamini kukubali kwa shingo upande ni mlango, si nyumba. Unaweza kuingia nao, ila huwezi kulala mlangoni. Kipimo ni hiki: shida ikishapita, bado umepisha?

Na wewe unayekubaliwa kosa, usimcheke aliyekubali kwa ugumu. Usimwambie, "Si nilikwambia?" Mpokee, kisha mkae chini mpange jinsi ya kurudisha kilichopotea. Kumpokea si kumkabidhi tena pesa za ada siku hiyo hiyo.

Wiki hii jiulize: Ni kosa gani nimelikubali kwa mdomo, lakini bado nimekalia kiti chake? Nani anangoja nimrudishie kitu, si kumwambia "pole" peke yake?

Bwana atupe neema ya kupisha. Amina.