Chanda Chema na Vidole Vingine

Anayefika Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, hukuta kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iliyobeba jina la kijana ambaye hakuwahi kusoma wala kufundisha hapo. Solomon Mahlangu alinyongwa na serikali ya makaburu mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Wenzake, waliokuwa wakijenga shule juu ya lililokuwa shamba la mkonge, wakaipa shule hiyo jina lake. Majengo yale yalisimamishwa kwa mikono ya wengi: wakimbizi wa Afrika Kusini, pamoja na mafundi na vibarua wenyeji. Jina likawa la mmoja. Je, pana dhuluma katika jambo hilo?

Swali hili halihusu majengo peke yake. Linaigusa kila kazi ya wengi inayotoka kwa jina la mtu mmoja, na siku hizi huulizwa kwa ukali zaidi katika muziki unaotengenezwa kwa kompyuta. Mfano ulio karibu ni "Poaa", albamu ya kwanza ya mtayarishaji Bamba Pana wa Dar es Salaam, iliyotolewa mwaka 2018 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wake ni singeli, uliozaliwa katika mitaa kama Manzese na Tandale, ukalelewa katika sherehe za vigodoro, na ambao mapigo yake aghalabu hupita 200 kwa dakika. Mwaka mmoja kabla yake, kampuni hiyohiyo ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", uliobeba jina la studio na kazi za wasanii kadhaa. Safari hii jina lililoandikwa juu ya jalada lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mwimbaji, bali yule ambaye kwa desturi hukaa nyuma ya mashine.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete, na hapana shaka pete hii ilistahili kuvikwa. Katika muziki wa vijana wimbo hujulikana kwa sauti ya mghani. Aliyekesha akipanga mapigo hubakiwa na jina linalotamkwa mara moja mwanzoni mwa wimbo, kisha likamezwa na ngoma. Watu wa visiwani hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Jina lake likavuma pwani nzima, nalo lilistahili kuvuma. Lakini nyimbo zile zilikuwa pia kazi ya watunzi wa mashairi na ya wapiga ala waliokaa ubavuni pake, na leo ni wasikilizaji wachache wawezao kuwataja. Mtunzi ambaye shairi lake limeimbwa arusini, naye yumo ukumbini, wala hapana hata mmoja aliyegeuka kumtazama, anayajua maumivu hayo. Basi mtu wa nyuma ya pazia anapotoka mbele na kutaja jina lake, haki imetendeka.

Hata hivyo lugha yetu ina methali nyingine ya kidole: kidole kimoja hakivunji chawa. Mtengenezaji wa singeli aghalabu huanza na kilichokwisha kupigwa. Hutwaa kipande kifupi cha ngoma, cha kinanda cha mchiriku au cha taarabu, hukikata, hukizungusha na kukiharakisha hata mwenyewe akipita asikitambue. Ufundi wake ni mkubwa. Kuchagua ni kazi, na kupanga ni kazi. Lakini ndani ya kipande kile umo mkono wa mtu aliyeipiga ngoma ile siku fulani, mahali fulani, pengine kwa ujira wa chakula tu.

Mtu atauliza, je, washairi nao hawaazimi? Bahari na mizani ni urithi, na vina havina hati. Hoja hii ina nguvu, ila haifiki mwisho wa safari. Anayeazima bahari ya utenzi huijaza kwa pumzi yake mwenyewe, ilhali anayekata sauti iliyorekodiwa huchukua pumzi ya mwenziwe. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo huuliza kipande ni mali ya nani. Dhamiri huuliza zaidi ya hapo: kimetoka kwa nani? Swali la pili halifi hata pale ambapo mwenye mali hajulikani.

Hapo ndipo Mazimbu inapokuwa na la kusema. Baada ya maasi ya Soweto ya Juni 1976 vijana wengi waliikimbia nchi yao, na mwaka 1977 serikali ya Tanzania ikawapa ANC ardhi hiyo. Wageni wale wakajenga madarasa, mabweni, hospitali na karakana, wakalima na kufuga. Mwezi wa Julai 1992, njia ya kurudi kwao ilipokwisha kufunguka, waliyakabidhi yote hayo kwa serikali ya wenyeji wao. Lililopokewa likiwa shamba la mkonge likarudi likiwa shule. Kuazima kwa heshima ni huko: kitu kirudi kwa waliokitoa, nacho kirudi kimeongezeka.

Jina la Mahlangu nalo halikudaiwa na mwenyewe. Lilitolewa na walio hai kwa kuwa walijiona wanadaiwa na aliyekufa. Hata hivyo aliyepanga matofali hakutajwa langoni, seuze aliyechota maji ya kuchanganyia saruji. Kwa hiyo hata jina lililotolewa kwa nia safi halimalizi deni.

Basi pete na ivikwe, na mtayarishaji aivae bila haya. Lakini jalada la albamu lina nafasi ya kutosha kumtaja mpiga ngoma, mghani na mwenye studio. Fedha zikiingia, nao wapate fungu lao. Asipojulikana mpigaji, mtaa alikotoka ngoma utajwe, na kijana mwingine wa mtaa huo aachiwe kiti mbele ya kompyuta ili naye ajifunze. Haya yaanze katika albamu ya kwanza, wakati wenye kudai wangali hai na majina yao yangali midomoni mwa watu, kwa maana deni lisilotajwa mapema huzoeleka, na likizoeleka huitwa mali.