Elimu ya Mkobani

Yasimuliwa kwamba Imamu Ghazali, mzaliwa wa Tus katika Khurasani mwaka 1058, alipokuwa kijana akirejea kwao kutoka Jurjan, alivamiwa njiani na wanyang'anyi, na katika vyote alivyopokonywa hakuna kilichomliza ila mkoba wa taaliki alizozinukuu kwa mashekhe zake. Akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie, naye akacheka na kumwuliza vipi mtu adai kuwa na elimu ambayo, akipokonywa mkoba tu, hubaki hana kitu. Karatasi alirudishiwa, lakini swali halikumtoka, na miaka mitatu aliitumia kuyahifadhi yote yaliyomo.

Swali hilo, ijapokuwa limetoka kinywani mwa mwizi, ni zito kuliko mengi yaulizwayo na wanafalsafa: nilichokisoma, nami siwezi kukieleza pasi na kukitazama, je, ni changu? Mwanafunzi ajitayarishaye kwa mtihani huisoma sura ile ile ya Biolojia mara nne, akapiga mistari kwa wino wa rangi, na kila arudiapo maneno humjia mepesi zaidi, hata nafsi ikamwambia kuwa ameyajua. Ilhali alichokipata ni mazoea ya jicho, na jicho katika kesi hii ni shahidi asiye mwadilifu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi maandiko mafupi: kundi moja liliyasoma vipindi vinne, jingine likayasoma kipindi kimoja, kisha kwa vipindi vitatu likaandika yale liliyoyakumbuka bila ya kuyatazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, wasomaji walishinda. Baada ya juma moja walikumbuka asilimia 40, na wenzao asilimia 61. La ajabu kwangu si hesabu, bali ni kwamba walioshindwa ndio waliokuwa na yakini kubwa zaidi ya kukumbuka. Hiyo ndiyo ghururi.

Vyuo vyetu vya Qur'ani vya pwani, ambavyo baadhi ya wasomi huvibeza kuwa vyafuga kasuku, vililijua jambo hili bila ya kulipima: mtoto alisomeshwa aya ubaoni, kisha akaisoma kwa ghibu mbele ya mwalimu ndipo ubao ukaoshwa. Aibu haimo katika kuhifadhi, bali katika kuishia hapo. Na katika darsa za msikitini, matini ya Safina, kile kitabu kifupi cha fiqhi, ikishashikwa, shekhe huifuatishia sharhi na masuala, mpaka ibainike nani ana lafudhi na nani ana maana.

Basi msomaji na afunge kitabu, aandike alichobakiwa nacho, akifungue kwa lililompotea tu, na apitishe siku kadhaa kabla ya kurudia. Kwani usahaulifu, kama mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alivyoupima kwake mwenyewe na kuuandika mwaka 1885, hwenda mbio mwanzoni kisha hupungua kasi, na lisalialo baada ya siku hizo ndilo lililoshika. Nafsi hulichukia zoezi hili kwa kuwa humfedhehesha mtu mbele yake mwenyewe.

Wako wasemao kwamba vitabu vipo, ya nini kujichosha? Lakini masuala hayaji na namba ya ukurasa. Kadhi aletewapo mirathi ya mtu aliyeacha babu na ndugu, naye hakumbuki kwamba kuwapo kwa babu hugeuza mafungu ya ndugu, atagawa kwa utulivu kabisa, wala haitampitikia kwamba kuna mlango wa kitabu aliopaswa kuufungua.